Niliwafungia Mlango Waimbaji

Kosa langu la kwanza kuhusu Mungu nililifanya nikiwa na miaka minane: niliamini kwamba nyimbo za kanisa huua watu. Usinicheke kabla hujanisikiliza. Hadi leo nikisikia sauti za akina mama zikipanda mlima katikati ya mashamba ya chai, wengine wakiwa mbele ya wimbo na wengine nyuma, macho yangu hukimbilia mlango kwanza, ndipo masikio yanaposikia uzuri wake.

Kwetu, upande wa Ekerenyo, mtu akifariki, waumini huja kuimba nyumbani kwake kila jioni hadi siku ya mazishi. Mwaka ule jirani zetu wawili walifariki kabla mahindi hayajakomaa, na mara zote mbili niliona jambo lile lile: waimbaji wanafika, kisha jeneza linatoka. Hakuna aliyenieleza lipi lilitangulia, nami sikuuliza.

Kisha mama akarudi kutoka hospitali akiwa ameshonwa tumbo, amekonda, ananuka dawa. Baba alichuma chai peke yake, nami nikajipa kazi ya kumlinda mama. Nilinyoosha blanketi lake mpaka pembe zilingane. Nilisikiliza pumzi zake. Niliomba pia, lakini kila nilipoomba sauti ilitetemeka, nikaona ombi limeharibika, nikaanza upya. Kuna siku sikufika amina.

Sabato moja alasiri, baba akiwa bado kanisani, nikawasikia. Walikuwa wanapanda kutoka mtoni wakiimba, wamejitwika vikapu vya ndizi na unga wa wimbi. Nikafunga mlango, nikatia komeo, nikasimama nyuma yake.

"Hodi hapa," akaita Mama Kemunto, kiongozi wao.

"Mama amelala."

"Basi tufungulie tumwone akiwa amelala."

"Hapana."

"Huyu askari ameandikwa kazi lini?" akauliza mwingine, na wote wakacheka.

"Hakuna mtu amekufa hapa," nikasema. "Nendeni mkaimbe kwingine."

Kicheko kikakatika. Kisha kitanda kikalia nyuma yangu.

"Momanyi, tata," mama akasema. Tata ni baba. Ndivyo mama zetu wanavyowabembeleza wavulana wao. "Fungua. Mimi ndiye niliyewaita."

Kwangu ilikuwa kama amesema yeye ndiye aliyeagiza jeneza. Nilifungua kwa sababu sikuwa nimezoea kumkatalia.

Wakaingia, wakajaa chumba kizima. Mama akaukandamiza mshono kwa mto, akaimba nao. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ikikatika njiani. Ubeti wa pili alisahau maneno, akacheka, akakunja uso kwa maumivu, akacheka tena. Mimi nilikuwa nimechuchumaa mwisho wa kitanda, nimemshika kidole cha mguu, nikitazama midomo yake nikingoja inyamaze.

Walipomaliza, akasema, "Huo ulikuwa mfupi. Mnataka kurudi nyumbani mapema?"

Wakaongeza mwingine. Uso wake ulilowa machozi, na bado ulikuwa na furaha. Sikujua vitu hivyo viwili vinaweza kukaa pamoja, na jambo hilo liliniogopesha kuliko jeneza.

Hakufa. Asubuhi aliomba uji, akalalamika kwamba nimeupika mwepesi. Ugonjwa wenyewe ulikaa nasi muda mrefu, na waimbaji walirudi Sabato nyingi. Kila mara nilifungua mlango, na kila mara nilimshika kidole.

Juzi, tukichambua maharagwe, nilimuuliza mama kama siku ile hakuogopa.

"Niliogopa kukushinda," akasema, bila kuinua macho. "Daktari alikuwa ameniambia mambo ambayo sikumwambia hata babako. Nikijaribu kuomba peke yangu, neno halitoki. Ndiyo nikawaita. Nilijua wakianza wao, mimi nitafuata."

Miaka yote hiyo nilidhani aliimba kwa sababu hofu ilikuwa imemwisha. Kumbe aliimba nayo, imelala naye kitandani pale pale.

Mimi bado ni mwoga, nakuambia ukweli, na bado napenda kila kitu kiwe sawa kabla sijaanza. Ila siku hizi naomba sauti ikitetemeka, na sirudi mwanzo.