Ishengoma Yuko Wapi?

Siku hiyo mama alikuwa ametandika mkeka uani, tunanyonyoa senene. Unang'oa mbawa, unang'oa miguu, unatupia bakulini. Mtoto mwingine alikaa mbele yangu, ananirushia mbawa usoni na kucheka. Miaka yote nilidhani ni mtoto wa jirani.

Mizinga ya vita ikaanza kulia.

Tulikimbilia upande wa mtoni, kijiji kizima. Mama alinishika mkono.

Baadaye mkono haukuwepo.

Dereva mmoja wa jeshi letu alinikuta nimekaa kwenye shamba la kahawa, peke yangu. Aliniuliza jina, nikasema Kato. Zaidi ya hapo hakupata kitu. Alipopewa likizo akanileta kwao Gonja, akamkabidhi mkewe Nakunda mtoto na blanketi la jeshi kwa pamoja.

Huyo Nakunda ndiye mama yangu, na kazi yake inaonekana. Nimeishia darasa la nne, lakini leo kutoka Hedaru mpaka Lembeni uliza bingwa wa tangawizi ni nani, utatajiwa mimi. Malori yangu, ghala langu, akili yangu. Swali moja tu lilinishinda: yule mama wa Kagera, aliniachia mkono kwa makusudi? Anayekimbia risasi hutupa mzigo. Nilijiona mzigo.

Juzi juzi mteja wa Bukoba alikuja Hedaru kupakia. Kusikia jina langu akacheka.

"Kwetu Kato ni pacha wa pili, bosi, wa kwanza ni Ishengoma. Ishengoma yuko wapi?"

Nilipanda Gonja siku hiyo hiyo. Nilimkuta mama anachambua maharage. Nikamwamkia, nikamuuliza kama nilifika pale na dalili yoyote ya ndugu. Akafikiri sana. Akasema nilipokuwa mgeni nilibakiza nusu ya makande kila siku, nikaifunika, na sikutaka mtu aiguse. Marehemu baba, yule dereva, alisema watu wa ndizi hawajui chakula, wakanigombeza mpaka nikaacha.

"Kumbe ulikuwa unamwekea mwenzio," akasema, akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Yule mtoto wa mkekani nilikuwa naye kichwani siku zote. Nilikuwa nimempa wazazi wengine tu. Kutafuta kwangu kulianza kwa kubomoa nilichokuwa na hakika nacho, na kwa mtu anayejiamini kama mimi hiyo si kazi ndogo.

Mama aliniruhusu kwenda. Aliuliza tu kama nitarudi. Nikamwambia nani mwingine ananivumilia.

Kagera sikwenda ofisi yoyote. Mimi watu nawatafuta sokoni. Nilizunguka vijiji vya karibu na mto, nauliza habari za mapacha waliopotezana wakati wa vita. Sokoni kwingine, kabla sijafungua mdomo, mama muuza ndizi aliniangalia juu mpaka chini.

"Wewe Ishengoma, asubuhi ulikuwa mwembamba. Umekula nini?"

Nikamwomba anielekeze kwa huyo Ishengoma.

Ishengoma ni fundi baiskeli. Alinitazama, akaweka spana chini taratibu. Hatukukumbatiana. Alinipa kigoda, akaanza kuongea kama mtu aliyekuwa amejiandaa miaka mingi.

"Nilikuchukia," akasema. "Magari ya jeshi yalipita katikati ya watu, ukapotelea upande wa pili. Mama akanikabidhi kwa mama mdogo, akarudi kukutafuta. Nililia, hakugeuka. Nikajua anakupenda wewe kuliko mimi."

"Mimi, tangu nijue upo, nilidhani amekuchagua wewe," nikasema.

Mama yetu hakurudi. Mama mdogo, ambaye naye sasa ni marehemu, alimuulizia kwa kila aliyevuka mto. Hakuna aliyemwona. Hatuna kaburi lake, wala hatujui ilikuwa risasi au mto. Nimezoea kupata ninachokitaka, lakini hapo nimegota.

Nilimpigia mama Gonja nikamweleza yote.

"Mama yenu aliitwa nani?" akauliza.

Sikujua. Mtu mzima mwenye mvi, jina la mama yangu silijui. Ikabidi nimuulize Ishengoma.

"Kokusima," nikamwambia.

Akalirudia polepole, kama anavyotaja jina la mtu wa kumwombea.

"Kokusima alirudi kukutafuta, mimi nikawa nimeshakuchukua," akasema. "Sasa mlete na huyo mwingine. Nimemlelea mmoja tu."