Kitako cha Mashoto

Mtacheka, na mcheke tu, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe. Wengine hukutana na mambo yao makaburini usiku wa manane. Mimi yangu yalinikuta kiwandani, Shiling, kule Guangzhou, jua likiwa utosini na tumbo limejaa wali. Wala mimi si wa kutishwa na kivuli: nimesoma shule ya jioni mpaka nikapata cheti, na fizikia nilifaulu.

Miaka ile biashara ilikuwa imechanganya. Nilikuwa nikinunua Shiling mikoba ya kuwatosha wanawake wote wa Temeke pamoja na mashoga zao. Nyumbani Mbagala nilimwacha mke wangu Zuhura na watoto. Wezi walishavunja nyumba ya upande huu na ya upande ule. Sisi wa katikati tukawa tunangoja zamu. Tulikuwa na bunduki ya marisau, yenye kibali halali, ila kitako chake kilipasuka. Fundi wa bunduki akanichorea umbo lake kwenye boksi, akasema nikachongeshe kwa mbao nzuri, kufunga ni kazi yake. Kwa hiyo niliposafiri nilibeba boksi tu. Bunduki yenyewe ilibaki nyumbani, maana sina wazimu.

Laoban, yaani bosi wa kiwanda cha mikoba, akanipeleka kwa seremala jirani, mchonga miguu ya viti. Akanichongea vipande viwili nichague. Kimoja kifupi, hakina kitako, kina kishikio tu kama cha bastola. Kingine kirefu cha kuegemea begani, kina kibonyeo ambamo kiganja cha kulia kinatulia kama mtoto mgongoni. Nikakipenda kile kifupi. Niamini, ukikishika unajiona mbabe wa kwenye video.

Sasa, Wachina wakishakula mchana hulala. Seremala akashusha shata la mlango, akatia kufuli kwa ndani, akalaza kichwa juu ya meza ya kazi. Vijana wake wakafanya vivyo hivyo. Mashine kimya. Mimi nimebaki peke yangu na kishikio changu, nawapiga risasi wezi wa hewani kwa mdomo.

"Hicho kitamvunja mkono mwanangu."

Kiswahili! Nikageuka. Mama wa makamo, kajitanda kanga, miguu mitupu juu ya maranda. Nikasema moyoni, huyu atakuwa mama wa mfanyabiashara fulani wa Unguja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe."

Mkwe? Nikadhani utani. Akakichukua kile kirefu, akakiweka bega la kushoto. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba bega ni la kulia.

"La kwako," akanijibu. "Zuhura ni mashoto. Nilimfunga mkono huo utotoni ili ale kwa kulia. Kula akajifunza. Lakini siku akishtuka, atashika kwa mkono aliozaliwa nao."

Nani alimtajia jina la mke wangu? Akafungua ukanda wa kisutu, ile kanga ya maharusi, uliokuwa kwenye kifundo chake cha mkono, akaufunga kwenye kitako, vidole viwili kabla ya mwisho. "Kata hapa. Mtilie na mpira mwishoni, teke la bunduki ni kali." Kisha akapita katikati ya waliolala, akaenda nyuma ya mbao zilizosimamishwa ukutani.

Nikamfuata. Nyuma ya mbao palikuwa na ukuta.

Nilimwamsha seremala kwa kelele ambazo nadhani zilisikika Hong Kong. Nikamuuliza kwa ishara, mama yuko wapi? "Meiyou," akasema, hakuna. Akanionyesha mlango. Kufuli lilikuwa vilevile.

Seremala akakata kile kirefu pale pale, akatia mpira, kibonyeo akakihamishia kushoto. Nikakifikisha kitako Mbagala, ukanda nikiwa nimeufunga tena, na sikusema neno. Zuhura akakipokea, akakiweka bega la kushoto, kikamkaa. Mwanamke ambaye nimemwona miaka yote akila na kumimina chai kwa kulia!

"Nani kakwambia?" akaniuliza. Nilipomwonyesha ukanda, alifungua sanduku, akatoa kisutu cha marehemu mama yake, aliyefariki kabla sijaja kuposa. Zuhura alikikunja mwenyewe kikiwa kizima. Sasa pindo lilikuwa limechanika. Tukaweka ukanda pale: doa kwa doa, mstari kwa mstari. Zuhura akakaa chini. Chakula kikapoa, hakuna aliyekigusa.

Fundi akakifunga kwenye bunduki, na zamu yetu ilifika kweli, mimi nikiwa kule kule Guangzhou, bandarini Nansha, nasubiri kontena. Mlango ulipovunjwa, Zuhura hakupata nafasi ya kufikiri mkono upi. Alipiga moja darini. Wezi wakaacha hata ndala zao. Tundu lile la paa sijaliziba mpaka leo, mvua ikinyesha tunaweka ndoo.

Shiling bado naenda. Ila wakianza kulala, mimi nasimama nje juani mpaka mashine ziwake. Nawe unayemwachia mwenzio silaha ya kulinda watoto, usimpimie kwa bega lako. Muulize. Usipomuuliza, aliyemzaa anaweza kuja kukusahihisha, na yeye hahitaji viza.