Mguu wa Mzee Mugeta na Shahada ya Rhobi

Mihogo ya kijiji cha Buswahili imepandwa na kung'olewa misimu mingi tangu Rhobi binti Thadeo alipoanza shule, na katika miaka hiyo yote ukoo wake haukuwa na haraka ya jambo lolote isipokuwa kumwita yeye daktari. Alipopata nafasi ya kusomea shahada ya uuguzi, neno uuguzi halikusikiwa na yeyote. Wayunani wa kale walimwapisha tabibu kabla ya kumkabidhi mgonjwa. Buswahili walimkabidhi Rhobi wagonjwa kabla hajafungua begi.

Likizo ya mwaka wa pili alikuta benchi la kanisa limeazimwa na kuwekwa uani, watu wameketi kwa mpangilio wa umri. Wa kwanza alikuwa Mzee Mugeta, kaka wa baba yake, mwenye kisukari na kidonda cha unyayo alichomtunzia Rhobi tangu Pasaka, kama mtu amwekeaye mgeni jogoo. Zahanati alikuwa akiipita kila alipokwenda mnadani.

Rhobi alifungua kitambaa, akajua kwamba mguu ule haungengoja likizo nyingine. Akamsihi aende hospitali Musoma bila kukawia.

"Mimi siguswagi na watu baki," alisema Mzee Mugeta. "Tumekusomesha ili turudi kupanga foleni?"

Rhobi akaeleza kwamba yeye bado ni mwanafunzi. Benchi zima likamsifu kwa unyenyekevu. Alipoona ukweli huo haufui dafu mbele ya fahari, akatafuta ukweli mwingine uliobeba fahari ndani yake.

"Baba mkubwa, kesho naanza mafunzo ya likizo wodini Musoma. Natakiwa kumhudumia mgonjwa mmoja, kisha nieleze habari zake mbele ya walimu wangu. Usipokuwa wewe, atakuwa wa ukoo mwingine."

Mzee akaagiza viatu vyake, ndipo akakumbuka kwamba kimoja hakimwingii.

Mola alimhurumia: kilikatwa kidole kimoja, mguu ukabaki. Sasa husimulia hadi Bunda kwamba walimu wa chuo kikuu walimzunguka kitandani wakiandika, kwamba nusu ya shahada ile ni yake, na kwamba kidole kile ndicho ada. Likizo iliyofuata Rhobi alilikuta benchi palepale, ila Mzee Mugeta amesimama mbele ya benchi hilo na fimbo, akimrudisha zahanati kila aliyekuja bila kuanzia huko.

Mwenyezi Mungu ampe Rhobi mikono isiyochoka, amhifadhie baba yake mkubwa vidole tisa vilivyosalia, na aujalie ukoo wote afya, walau hadi siku ya mahafali. Amina.