Alama ya Chaki

Wiki iliyopita wamama wa chanjo walipita mtaani kwetu Mabanga, wakachoma watoto wangu sindano, kisha wakaandika mlango kwa chaki. Harufu yake ilinirudisha kwenye alasiri moja ya utoto wangu.

Mama alikuwa ameenda soko la Kituku kununua sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kuuza, akaniachia mdogo wangu Amani mgongoni. Kwa jirani wamama wa chanjo walikuwa wamefika, watoto wakilia mmoja baada ya mwingine, na mimi sindano niliiogopa kuliko volkano iliyo juu ya mji wetu. Kisha nikaona mlango wao umetiwa alama ya chaki. Kanisani tulikuwa tumefundishwa habari za Misri, damu ya mwana-kondoo mlangoni, na kifo kikapita bila kuingia. Nikaamini kabisa kwamba alama ndiyo inayokinga. Nikatoa chaki niliyookota shuleni, nikaiiga yote juu ya mbao zetu, kwa mwandiko wangu mzuri, halafu nikajifungia ndani.

“Hapa walishachanja,” sauti moja ikasema nje. Wakapita.

Surua haikupita. Ilimuachia Amani uhai, ikachukua macho yake.

Hadi leo Mama analaumu wale wamama: “Waliruka mulango yangu. Waliniulia mutoto macho.” Mimi huinama, nikaendelea kuchambua maharagwe.

Amani anaishi kwangu, na bado huniita yaya, yaani dada mkubwa. Juzi alipapasa mlango, akanusa vidole vyake vyeupe.

“Yaya, waliandika nini hapa?”

“Eti watoto wote walishachanjwa.”

Akatabasamu. “Mungu asifiwe, yaya. Hii mara hawakuturuka.”