Hela Niliyoisugua

Mama Eliya ana steshenari hapa Nyahanga, Kahama, kati ya duka la mbolea na kibanda cha Mwita anayenunua dhahabu. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, na kwenye simu ana ukurasa wa kuuzia sarafu za zamani. Jina lake ni Martina, ila hilo wanalitumia benki tu.

Mimi ni dalali wa mpunga. Maneno ya kuuzia nayajua, yamenilisha miaka ishirini. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipofungua ukurasa wake nilisoma nikitafuta uongo. Kulikuwa na senti kumi ya mkoloni, ile yenye tundu katikati. Aliandika: "Ya mwaka 1942. Pembe mbili za tembo zimezunguka tundu, ya kushoto imelika nchani. Namba mbili ya mwisho imechoka ila inasomeka. Rangi ni ya asali iliyokaa chupani. Kuna kovu pembeni, tazama picha ya tatu." Nikatazama picha ya tatu. Kovu lilikuwepo. Nimesimama pale mashineni, magunia yanapakiwa, nikajikuta nataka kununua kitu kisichonunua hata kiberiti.

Nikaenda kumuuliza anafanyaje. Hakuficha. Tochi ya simu hatumii. Anangoja saa tatu asubuhi, anatoka nje, anaiweka sarafu kwenye kivuli cha turubai juu ya kitambaa cha kijivu kilichokuwa bitana ya koti. Pembeni anaweka punje moja ya mchele, aliye mbali ajue ukubwa. Akitaka kupiga picha ya ukingo, anaichomeka sarafu kwenye kipande cha sabuni. Uzito anapimiwa na Mwita kwenye mzani wa dhahabu, bure, maana barua zote za Mwita anaandika yeye. Kuhusu kutaja kasoro, alisema zamani alikuwa anaagiza mchele kwa simu. Watu wanaandika "safi, namba moja", mzigo ukifika ni chuya na mawe. Akaapa siku akiuza yeye, mawe atayataja kwanza.

Nikamwona mtu mwema, biashara haijui.

Mwaka jana nilikuwa Nkome, kule ziwani, kuchukua dagaa. Muuzaji, dada mmoja anaitwa Suzana, nilimbana bei mpaka akachoka, halafu bado nikadai nyongeza. Dagaa hakuongeza. Alifungua fundo la kanga akanipa sarafu nyeusi nyeusi.

"Nyongeza yako hiyo, shemeji. Ukanunulie huruma."

Nikaipiga picha palepale, nikamtumia Davis wa Mwanza, mteja mkubwa wa Mama Eliya. Alijibu haraka. Ni hela ishirini, zile hela zenyewe za Mjerumani zilizotuachia neno, iliyogongwa kwenye karakana ya reli Tabora mwaka 1916, Mjerumani akiwa vitani. Kama iko hivyo ilivyo pichani, anatoa laki nne. Ila kwanza apate picha na maelezo ya Mama Eliya.

Laki nne kwa nyongeza ya dagaa! Kabla sijafika Kahama nilikuwa nimeshanunua pampu ya kumwagilia bustani, kichwani.

Sasa hapa kwetu penye dhahabu, kitu cha njano kisichong'aa kinatiliwa shaka. Nikaisugua kwa ndimu na majivu, nikamalizia na dawa ya meno. Ikatoka ya njano kama pete ya harusi. Siku hiyohiyo nikaipeleka, kifua mbele.

"Mwangaluka, Mama Eliya."

Aliitikia bila kunitazama, macho yako kwenye sarafu. Akaniuliza nimetumia nini. Nikamtajia vyote, hadi aina ya dawa ya meno.

"Baba Ritha, kila siku unatafuta hela," akasema. "Leo umepata hela yenyewe, umeichuna ngozi."

Akanieleza kwamba ule weusi ndio umri wake, wakusanyaji wanaulipia, na ukishaondoka haurudi. Nikamwambia basi asiuandike. Apige picha kwa mbali, aseme "imetunzwa vizuri", na fungu la kumi ni lake.

"Niongezee maneno hayo mawili tu."

"Wanaoongezwa ni dagaa," akasema.

Kesho yake, saa tatu, akapiga picha. Akaandika: "Hela ishirini, Tabora, 1916. Taji limesimama, herufi T inasomeka. Ilikuwa na rangi yake ya miaka mia na zaidi mpaka Jumanne, mwenyewe alipoisugua kwa ndimu, majivu na dawa ya meno. Mikwaruzo ni mipya, tazama picha ya nne. Rangi ya zamani imebaki chini ya taji tu, kama uchafu wa kucha."

Nilikasirika. Halafu nikafungua picha ya nne. Mikwaruzo yangu ilikuwepo yote, mmoja mmoja, kama alama za matairi barabarani baada ya mvua. Na chini ya taji, kile kiweusi kilichoniponyoka. Nimeshika sarafu ile siku nne mkononi. Kuiona, niliiona pichani.

Davis alipiga simu. Laki moja na nusu. Nikaanza kazi yangu, lakini kila nilipotaka kushika, yeye ameshapasoma. Nilihangaika mpaka laki moja na themanini, ikagoma hapo. Kisha yeye ndiye akadai nyongeza: Mama Eliya ayaandike maneno yale kwa mkono kwenye kadi, yasafiri na sarafu.

"Na hilo la Jumanne asilitoe," akasema.

Nikamwambia nyongeza nayo ina bei. Akatuma elfu ishirini.

Mama Eliya aliandika kadi, nikamkabidhi elfu kumi na tano. Akauliza elfu tano iko wapi, maana Davis alishamtajia ishirini.

"Dalali," nikasema.

Akacheka, akaokota punje ya mchele kwenye kitambaa chake, akaibandika kwenye kadi kwa selotepu. "Mwambie hii ni ya bure."

Pampu nilinunua iliyotumika. Muuzaji alikuwa ameandika "iko vizuri sana". Nikamjibu anitumie picha ya palipopasuka.