Wanataka nikubali nilimula mudogo wangu, ndipo mutoto wake anywe dawa

Wapendwa wa ukurasa huu, jina langu lizibeni, maana mutaa wetu hapa Kindu ni mudogo na midomo yake ni mirefu. Niko bibi wa miaka karibu sabini, sawasawa sijui. Shule sikukanyaga hata mulango. Ninasema kwa sauti kwenye simu, ninyi muandike.

Nilikuwa na mudogo mumoja wa tumbo moja. Nitamuita Zaina, si jina lake. Wakati wa vita tulikimbia na mama yetu, tukashika njia ya Pangi, tukaingia pori. Zaina alikuwa na mutoto muchanga wa kiume, na maziwa yakamukauka kwa njaa na woga. Mimi nilikuwa ninanyonyesha binti yangu wa mwisho. Nikamwambia, "Lete huyo." Huku mumoja, huku mwingine, na miguu inatembea. Kwetu Waislamu mutoto uliyemunyonyesha hivyo ni wako kabisa. Nitamuita Shabani.

Huko porini mama yetu aliamuka mudomo umepinda, mukono mumoja umekufa. Hakumaliza hata wiki. Hatukuwa na sanda, tukamufunika kikwembe changu. Watu tuliokuwa nao wakanong'ona kwamba amelogwa, muntu amemula kwa ulozi. Sikubishana na muntu. Nilikuwa na watoto wawili kifuani.

Vita ilipopoa tukarudi Kindu, wajane wawili nyumba moja. Uzee ukatuletea tansio, ile presha ya damu kupanda, sisi wote. Munganga wa hospitali aliuliza mama yetu alikufa na nini. Nilipomueleza, akasema, "Mama, hii tansio mara nyingi inatembea katika damu ya familia. Kunyweni dawa kila siku, hata mukijisikia wazima." Zaina aliniita yaya, maana mimi ni mukubwa wake, na alikuwa ananicheka: "Yaya, wewe unapenda vidonge kuliko mboga ya sombe!" Lakini naye alikunywa.

Kisha ukaja ule ugonjwa wa mapafu uliotufunga vitambaa mudomoni. Jirani mumoja akamusomea Zaina habari za simu, eti dawa ya tansio ndiyo inafungulia virusi mulango. Zaina akaacha dawa. Nilipiga kelele, "Zaina, uliza munganga kwanza!" Akanijibu, "Munganga anauza dawa, yaya, atasema nini?"

Tukashikwa wote, mukeka mumoja, kikohozi kimoja. Mimi nilipona. Yeye pumzi ilimuisha mukononi mwangu, ananitafuta na macho, sauti haitoki. Munganga aliniambia dawa ile haileti virusi, na Zaina hakupaswa kuiacha hivyo. Lakini hakusema ingemuponya. Ugonjwa ulikuwa mukali kwa wazee, na zaidi wenye tansio. Mbona mimi nilibaki? Hata munganga hakujua.

Kwenye matanga, kaka yetu mukubwa, wa baba mumoja na mama mwingine, akasimama katikati ya watu. "Mama yao alikufa, huyu alikuwa kando yake. Zaina amekufa, huyu alikuwa kando yake. Wamelala wawili, ameamuka mumoja." Nikamwambia, "Kama ningekuwa ninakula watu, ningeanza na wewe, nyama yote hiyo!" Wanawake wakacheka. Shabani hakucheka. Tangu siku ile hajakula tena chakula changu.

Sasa sikieni. Shabani anachimba madini upande wa Kailo. Juzi wenzake walimurudisha mujini, kwa kaka yangu: kichwa kinamupasuka, macho yanaona ukungu. Hospitali wakakuta tansio, tena ya juu sana, kijana kama yule! Wakamupa vidonge vya kunywa maisha yote. Ni vile vile vyangu. Akavitambua, akavisukuma mbali.

Nilikwenda kwa kaka, nikapiga magoti mbele ya mutoto. "Baba, kunywa."

"Mama mukubwa, sema kwanza. Mama yangu ulimufanya nini?"

"Nilimushika mukono mupaka ukapoa. Ndiyo hayo nilimufanya."

"Sema kweli."

Kaka akaingilia: "Ukubali mbele ya familia kwamba ulimula Zaina. Kisha unywe maji, umutemee mutoto kwa baraka. Hapo atakunywa dawa."

Nikamuangalia Shabani. "Ni kweli, baba? Nikisema hivyo utakunywa?"

"Nitakunywa."

Wapendwa, nilikuwa karibu kusema palepale. Jina langu ni nini mbele ya uhai wa mutoto? Waniite mulozi, wanifukuze, nitalala kwa jirani. Lakini binti yangu alinivuta nje akilia: "Mama, ukikubali, mimi nitakuwa mutoto wa mulozi. Watoto wangu wataolewa na nani?" Na mimi ninaogopa jambo jingine ambalo kaka haliwazi. Nikisema uongo huu, Shabani ataamini mulozi amekamatwa, basi ugonjwa umekwisha. Atakunywa vidonge kidogo, kichwa kitapoa, ataviacha. Na watoto wake wenye damu hii yetu, nani atawapeleka kupimwa? Tena nijisingizie kifo cha Zaina, ambacho sikumupa, na mimi ninamulilia mupaka leo!

Munganga nilimuomba aje aongee nao. Alikuja. Kaka akamupa kiti, akamusikiliza kwa heshima, na alipotoka akasema, "Yule anajua damu, hajui familia."

Familia inakutana Ijumaa baada ya sala. Shabani analala na kitambaa cha maji kwenye kipaji cha uso, vidonge viko kando yake, havijafunguliwa. Ninyi mulio mama, ninyi mulio na akili ya kusoma, musinionee haya, niambieni waziwazi kabla ya Ijumaa: niseme nilimula mudogo wangu, mutoto anywe dawa? Au ninyamaze na ukweli wangu, na yeye asinywe kabisa?