Magurudumu ya Kukunja

Zamani niliamini kabisa kwamba ndege hukunja magurudumu zikipita Lushoto ili zisituangushie mapeasi mitini.

Juzi nilikuwa nachagua magurudumu ya kukunja ya ndege yangu ya vita, ile ya rimoti inayokizidi kitanda changu kwa ukubwa. Harufu ya mpira ikanirudisha jikoni kwa mama. Nilikuwa nimezikata kandambili zake mpya, nimeitengenezea ndege yangu ya mbao magurudumu yanayokunjika. Nikawa nangoja fimbo.

“Shikamoo mama,” nikasema, kwa mara ya kumi asubuhi ile.

“Marahaba. Na kwa nini yakunjike?”

Nikamweleza habari za mapeasi. Akaigeuzageuza ile ndege, yuko pekupeku kwenye sakafu ya baridi.

“Hukunja ili upepo usiizuie, mwanangu. Mapeasi yetu haiyafikii.”